Viumbe wangu wa kubuni wanasifiwa na wengi, lakini hakuna anayetaka kulala nao nyumba moja. Tatizo ni nini?

GambaLaKuhe (mleta mada, Ujiji)

Salaam wakuu. Naishi Ujiji, na huu ni mwaka wa sita tangu niamue kuishi kwa kazi moja tu, yaani kutengeneza kwa mkono viumbe ambao Mungu hakuwaumba. Ninaye kuhe, yule samaki wa Ziwa Tanganyika, mwenye miguu ya kuku na mdomo uliojaa watoto wake, ninaye ngogogo, naye pia samaki wa ziwa hilo, aliyevaa kanzu na kushika karabai, na nilikuwa na mbuzi ambaye mahali pa mkia ameota mkungu wa chikichi. Mifupa yao ni waya wa kufungia nondo, nyama ni magazeti na maboksi yaliyolowekwa, gundi ni uji wa unga wa muhogo, na ngozi ni magamba ya samaki wa kweli. Magamba hayo huyaokota mwaloni Kibirizi, wavuvi wanaposhushia samaki, nikayaloweka siku mbili katika maji ya chumvi ya Uvinza na ndimu, kisha nikayaanika kivulini, kwa sababu jua kali huyakunja kama kucha za mzee.

Mwaka jana picha ya huyo kuhe ilizunguka mno katika simu za watu, na hata leo napokea sifa kutoka mikoa ambayo sijawahi kufika. Hata hivyo, kwa mwaka mzima niliuza kazi tisa tu, na nne kati ya hizo zilinunuliwa na wageni waliokuwa wakisubiri boti ya kwenda Gombe. Kazi ya ukubwa wa kati hunichukua siku kumi na moja, vifaa hugharimu kama shilingi 14,000, nami huuza kwa shilingi 85,000.

Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye huniletea mgebuka kila akipata, alimshika kuhe wiki iliyopita, akamgeuza huku na huku, akamsifu, kisha akamrudisha mezani taratibu na kusema, "Mwanangu, ni mzuri, lakini usiku atanitazama." Naomba mnisaidie kufikiri. Je, tatizo ni bei, ni hofu, ni mji wetu, au ni mimi?

ReliYaMwisho

Mkuu, hapa hakuna fumbo. Mtu wa kipato cha kawaida mjini Kigoma akishika elfu themanini na tano anafikiria ada, bati na godoro, kwa mpangilio huohuo. Samaki wa karatasi hayumo katika orodha hiyo hata akiwa na miguu minne. Punguza iwe elfu thelathini uone.

GambaLaKuhe

Ahsante, ila mimi ni dada. Kuhusu elfu thelathini, ukitoa vifaa inabaki elfu kumi na sita kwa siku kumi na moja. Hiyo haifiki hata shilingi elfu moja na mia tano kwa siku, ambayo ni chini ya anachopata kijana anayenisombea maji.

MningaMkavu (Tabora)

Nimekuwa nikichonga mbao hapa Tabora tangu 1998, na sikubaliani na ReliYaMwisho hata kidogo. Kiti changu cha mninga ninakiuza zaidi ya bei ya huyo kuhe, na hakilali dukani wiki mbili. Watu wa kwetu hawaogopi kulipia kazi ya mkono, bali wanaogopa kulipia kitu ambacho hakina kazi. Kiti kinakaliwa, kinu kinatwangiwa, na mkeka wa ukindu unalaliwa. Kuhe mwenye miguu ya kuku anafanya nini nyumbani kwa mtu, zaidi ya kuokota vumbi?

Wala wazee wetu hawakukosa ndoto. Kiti kimoja cha enzi cha Kinyamwezi, ambacho leo kipo katika makumbusho ya Berlin, kina egemeo refu lenye umbo la mtu lililochongwa juu yake. Ni kitu cha ajabu kukitazama. Lakini ni kiti, na mtemi alikikalia. Ajabu ilipanda mgongoni mwa matumizi, haikutembea peke yake. Mfanye huyo kuhe awe kinara cha taa au chombo cha kuhifadhia vijiko, halafu uje unishukuru. Natoa ushauri huu bure kwa sababu ninawahurumia watu wa mwisho wa reli.

ReliYaMwisho

Mzee wa Tabora, reli inaishia kwetu kwa sababu ilikuwa na haraka ya kuwapita ninyi.

KivuliChaMwembe (Ujiji)

Assalaam alaykum. Naomba niseme jambo ambalo wachangiaji wanalizunguka. Ujiji ni mji wa Waislamu kwa sehemu kubwa, na mleta mada ameanza uzi wake kwa kusema kwamba anatengeneza viumbe ambao Mungu hakuwaumba. Sentensi hiyo peke yake inatosha kumfanya mzazi wangu asiingize kazi hiyo ndani. Wanazuoni wanatofautiana, lakini wapo wengi wanaokataza sanamu yenye umbo kamili la kiumbe chenye roho, na familia nyingi za hapa hazitundiki hata picha ya mnyama katika chumba cha kuswalia. Simlaumu dada yetu, wala sisemi aache kazi. Ninasema tu kwamba jirani yake hakuzungumzia bei wala matumizi. Alizungumzia macho.

BintiMwandiga

Ustadh, nimekuelewa, lakini hoja yako inaacha swali. Pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, hapohapo Ujiji, kuna sanamu mbili zenye ukubwa wa mtu, za Livingstone na Stanley wakisalimiana kama walivyokutana mwaka 1871. Nazo zimetengenezwa kwa karatasi, kama kazi za dada huyu. Tulipelekwa na shule tukiwa wadogo, tukazishika mikono, na hakuna mzazi aliyelalamika. Kwa hiyo si kila sanamu ya karatasi inaogopwa Ujiji.

Mimi naona kinachoogopwa ni mchanganyiko. Mtu wa karatasi anayefanana na mtu hatishi. Samaki mwenye miguu ya kuku anatisha kwa sababu katika simulizi za bibi zetu kitu chenye viungo vya wengine ni kitu kilichotumwa. Mikoa mingine tayari inatutania sana kuhusu mambo hayo, na hakuna mama wa Kigoma anayetaka mgeni aingie sebuleni kwake na kuona ushahidi.

KivuliChaMwembe

Zile sanamu ziko makumbusho, dada yangu. Hakuna anayelala pale.

VinyagoMwenge (Dar es Salaam)

Habari zenu. Nipo katika biashara ya vinyago, na ninashangaa mnavyozungumzia hofu. Wamakonde wamekuwa wakichonga mashetani yenye jicho moja, masikio ya popo na miguu iliyopinda tangu enzi na enzi, na yananunuliwa kila siku. Tingatinga naye, yule mchoraji wa Mtwara, alichora wanyama wa ajabu na dunia nzima ikanunua. Shida ya mleta mada ni kwamba hajafika sokoni. Alete mzigo Dar.

ChakiNyeupe

Ndugu VinyagoMwenge, nakushukuru kwa mchango, ila una makosa mawili ambayo hayafai kuachwa.

Kwanza, mtindo wa shetani si wa enzi na enzi. Uchongaji wa Kimakonde ni wa zamani, lakini mtindo huo wa mashetani wa kuuza ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950 hapo Dar es Salaam, na anayetajwa kuuanzisha ni Samaki Likankoa. Kabla yake hakuna aliyekuwa akiwauzia wageni mashetani kwa mafungu. Pili, Edward Said Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, si Mtwara. Alianza kuchora mwaka 1968, akitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya bodi vinavyotumika kwenye dari, na alifariki mwaka 1972. Kazi yake yote tunayoijua ilifanyika ndani ya miaka isiyozidi minne au mitano.

Ninalitaja hili kwa sababu linabadilisha swali. Watu hao hawakukuta wanunuzi wamejipanga wakisubiri mashetani na chui wenye madoa ya maua. Mtindo na soko vilizaliwa pamoja, na wanunuzi wa mwanzo kwa sehemu kubwa walikuwa wageni waliokaa Dar es Salaam. Kwa hiyo huwezi kusema kwamba Mtanzania wa kawaida ameshazoea kuweka shetani sebuleni. Nenda katika nyumba kumi za mtaa wako uhesabu.

ReliYaMwisho

Kwa hiyo mwanzilishi wa viumbe wa ajabu alikuwa anaitwa Samaki, na hapa tuna dada anayetengeneza samaki wa ajabu. Bei nimeifuta, sasa naamini ni jina. Badilisha jina.

VinyagoMwenge

Nimepokea marekebisho kuhusu Tunduru. Hata hivyo nimehesabu nyumba yangu mwenyewe, na kweli hakuna shetani hata mmoja ndani. Mke wangu hataki.

TaaYaKatonga

Nimesoma uzi wote nikiwa pwani, kwa sababu sasa ni mbalamwezi na hatuingii ziwani. Mimi ni mvuvi wa Katonga, hapa Kigoma, na nina malalamiko tofauti na yenu. Picha ya huyo kuhe niliiona mwaka jana na ilinikera, si kwa sababu ya miguu, bali kwa sababu ya mdomo. Kuhe halei watoto mdomoni. Kuhe hutaga chini, na wazazi wote wawili hukaa hapo kuyalinda mayai na watoto. Wapo samaki wengi wa ziwa hili wanaolea mdomoni, lakini kuhe si mmoja wao, na mtu yeyote aliyekulia mwaloni akiiona kazi hiyo anajua kuwa mtengenezaji hajui samaki.

Mnaliita hilo jambo la kubuni, lakini ziwa lenyewe limebuni kuliko ninyi. Wapo samaki wadogo wanaokula magamba ya wenzao, na midomo yao imepinda upande, wengine kushoto na wengine kulia, ili kila mmoja amvizie mwenzake kutoka ubavu wake. Yupo ngogogo mwenye madoa ambaye huchanganya mayai yake na ya samaki wanaolea mdomoni, mama wa watu akayaokota yote, na vifaranga vya ngogogo vikiangua huanza kula watoto wa mwenye mdomo humohumo ndani. Wapo wengine wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, familia nzima. Ukitengeneza hao jinsi walivyo, watu wa Dar watasema umeota. Ukitengeneza kuhe wako, watu wa Katonga wanasema umekosea.

GambaLaKuhe

Kaka TaaYaKatonga, nimecheka mpaka nikamwaga uji wa gundi. Yaani kuhe amesimama kwa miguu ya kuku, na wewe unalalamikia mdomo?

TaaYaKatonga

Miguu nilijua ni utani. Mdomo nilidhani ni kweli.

ChakiNyeupe

Hili si jambo dogo, dada. Mvuvi ametoa sababu nyingine, na inanishawishi kuliko zilizotangulia. Kitu cha ajabu kinahitaji sehemu moja ya uongo na sehemu nyingine zote za kweli, ili mtazamaji ajue ashangae wapi.

MningaMkavu

Mimi bado niko palepale. Hata mdomo ukirekebishwa, hana kazi.

KinyoziMwanga

Mimi ni mmoja wa wale wanunuzi tisa, na nashangaa hakuna aliyeuliza kama tupo. Nilimnunua mbuzi mwenye mkia wa chikichi, nikamtundika katika saluni yangu Mwanga, hapa Kigoma, juu ya kioo. Matokeo yalikuwa mchanganyiko, nami nitayasema kama yalivyo. Vijana wanaingia kumpiga picha, na baadhi yao wananyolewa. Watoto wawili walilia na mama zao wakawapeleka kwa kinyozi mwingine. Mzee mmoja huomba kiti kigeuzwe kila anapokuja, tena hasemi kwa nini.

Nyumbani nisingemweka. Sijui kama ni dini, bibi zetu au kitu kingine. Nikiwa kazini napenda anishangaze, lakini nikirudi nyumbani sitaki kushangazwa.

Jambo jingine, na dada anisamehe kwa kulisema hadharani: mwezi wa pili wa mvua, paka aliingia usiku akala nusu ya mkia.

GambaLaKuhe

Hilo ni kweli na ni kosa langu. Mkia ule niliupamba kwa magamba ya fungu ambalo sikuliloweka siku mbili, kwa sababu oda ilikuwa na haraka. Niliurudia bila malipo. Naomba pia niseme jambo ambalo sikulisema mwanzoni. Katika masika hayo kazi tatu zilirudishwa kwangu. Moja ilikuwa imeota ukungu wa kijani tumboni, na mbili zilikuwa zimetobolewa na wadudu wadogo kiasi kwamba ukizitikisa unga unamwagika kama kwenye gunia la dagaa wa mwaka juzi. Kwa hiyo huenda watu wanaogopa macho, na huenda wamesikia habari za paka.

UkiliNaMiyaa (Kasulu)

Hapo sasa ndipo pa kuanzia, mwanangu. Mimi ninasuka, na nimewahi kufanya kazi ya karatasi na watoto wa shule. Unga wa muhogo ni chakula, na mdudu hajui kwamba umeugeuza kuwa sanaa. Uji ukiwa bado moto, weka mrututu (ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu) kidogo sana uliosagwa, ukoroge kwa mti, si kwa kijiko cha jikoni, na uji huo usiuache mahali ambapo mtoto au kuku anaweza kuufikia, kwa sababu mrututu ni sumu. Kisha usibandike tabaka jipya la karatasi kabla la chini halijakauka kabisa. Ukungu wa tumboni unatokana na haraka, kwa kuwa nje panakauka na kuziba huku maji yakiwa bado ndani.

Namna ya kujua ni hii. Iweke shavuni. Ikiwa baridi kuliko hewa, bado ina maji.

MningaMkavu

Mama wa Kasulu amesema kweli, na mbao ni hivyohivyo. Gogo la mninga hukauka haraka kwenye ncha kuliko katikati, na ndiyo maana hupasuka kuanzia nchani. Sisi hupaka nta ya nyuki kwenye ncha zote mbili ili kupunguza mwendo wake, na nta Tabora haijawahi kuwa tatizo. Nitakutumia kipande, dada. Bure tena.

ReliYaMwisho

Mzee ameanza kulainika. Kesho atanunua kuhe.

KifurushiSalama (Dar es Salaam)

Samahani kwa kuchelewa. Mnajadili macho na mdomo wakati kikwazo ni zaidi ya kilomita 1,200 kati ya Kigoma na Dar es Salaam. Niliagiza ngogogo mwenye kanzu kutoka kwa mleta mada. Kampuni moja ya mabasi ilimpokea mzima na kunikabidhi kanzu upande huu, karabai upande ule, na kichwa kikiwa kimelaliwa na gunia la mchele. Nilimlipa dada fedha yake, kwa sababu kosa halikuwa lake, lakini sijaagiza tena. Linganisheni na picha za Tingatinga: bapa, ndogo, unaweka kwenye begi katikati ya nguo, unapanda ndege. Msishangae kwamba wageni walizichukua.

ChakiNyeupe

Ndugu KifurushiSalama, hoja yako ni nzito, na historia ya Kigoma ina jibu lake. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika makasha, ikavuka bahari, ikaletwa kwa reli ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, kisha ikaunganishwa upya hapa na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ikiwa meli nzima iliingia Kigoma kwa vipande, kuhe atashindwaje kutoka kwa vipande? Miguu iwe ya kuchomeka.

BintiMwandiga

Na mteja akikosea kuchomeka, atapata kiumbe kipya bila gharama ya ziada.

VinyagoMwenge

Niongeze neno moja. Wiki hii nimeona fulana zenye picha ya kuhe huyohuyo zikiuzwa katika duka moja hapa mjini, na nina uhakika dada hajapata hata shilingi. Nadhani bila kusajili kazi hana haki yoyote.

ChakiNyeupe

Hapana, mkuu. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki inazaliwa kazi inapotengenezwa, na inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunasaidia kuthibitisha kwamba kazi ni yako na ulianza lini. Wazo la samaki mwenye miguu ya kuku halilindwi, kila mtu anaweza kutengeneza wake. Kinacholindwa ni kuhe huyu, kwa sura hii. Dada, tunza picha za hatua zote, kuanzia waya mtupu.

TaaYaKatonga

Basi wameiba na mdomo wenye makosa.

GambaLaKuhe

Wakuu, nimenyamaza siku nne kwa sababu nilikuwa kazini. Nimetengeneza kuhe mpya. Miguu ni ya kuchomeka, uji umetiwa mrututu, na kila tabaka nimeliweka shavuni kama alivyosema mama wa Kasulu, jambo ambalo limewafanya watoto wa jirani waamini kwamba sasa ninawabusu. Macho yake nimeyafumba. Nimeyatengenezea kope kwa karatasi nyembamba, nikapaka mawese kidogo ili zing'ae.

Jirani yangu alikuja jioni. Alimtazama muda mrefu, akauliza, "Amelala?" Nikajibu kwamba amelala. Akamchukua kwa mkopo, atalipa kwa mafungu matatu. Leo asubuhi nimepita kwake nikamkuta kuhe juu ya kabati, amefunikwa kanga.

KivuliChaMwembe

Umeona? Ni macho.

MningaMkavu

Hapana, Ustadh. Sasa ana kazi. Anatundikiwa kanga.

ReliYaMwisho

Ninyi nyote hamkusoma. Mafungu matatu. Nilisema tangu mwanzo kuwa ni bei.

UkiliNaMiyaa

Mwanangu, mawese hayakauki kama rangi. Yatavuta vumbi, na sisimizi watafuata. Yafute leo kwa kitambaa kikavu, upake ile nta ya Tabora.

GambaLaKuhe

Ahsante mama. Nakwenda sasa hivi, kabla hajaamka kutoka usingizi wa mchana. Namaanisha jirani.

TaaYaKatonga

Dada, kabla hujaondoka. Mbalamwezi inaisha wiki hii na ninataka kuhe mmoja wa kufunga mbele ya mtumbwi, mwenye macho wazi, maana wangu ni wa kazi ya usiku. Miguu iache. Huo mdomo umeufunga au bado?